Chaneli ya Baba Yako

Zaituni,

Najua saa hizi uko Kibuli kwa bibi yako, amekuketisha kwenye mkeka na anakulazimisha kula tena, utadhani huko Dodoma unakokwenda watu hawapiki. Nilimwachia akuchukue usiku huu wa mwisho kwa sababu mama yangu hanyimwi kitu. Lakini nyumba hii ya Ntinda imenyamaza na mdomo wangu hauna pa kwenda, basi nimeshika kalamu. Baba yako atakukabidhi barua hii kesho kwenye basi. Usiisome mbele yake. Ataangalia uso wako tu na atajua kila nilichoandika.

Sitakwambia habari ya neti ya mbu wala maji ya kuchemsha. Wewe ni mtu wa maabara, wadudu unawajua kwa majina. Tungekuwa uso kwa uso ningeanza kukukagua mabegi kama askari wa getini, najijua. Afadhali karatasi, haina mikono.

Nataka kukueleza yaliyotokea hapa wakati wewe ulikuwa unazunguka na karatasi za safari na kuaga marafiki. Uliona tu mama anapanda kiti, mama anashuka kiti, mama anagombana na Salongo jirani wa chini, mama hagombani tena. Hukuuliza, na mimi nilikuwa bado vitani, sikuwa na muda wa kutoa maelezo. Sasa vita imekwisha na nimeshinda, na mimi nikishinda lazima mtu ajue.

Ilianza siku ile ulipotusomea barua ya kazi. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mlango wa pili wakadhani kuna harusi. Baba yako alikushika kichwa, akakupongeza, akakuombea dua. Ulipotoka kwenda kuwaambia wenzako akageuka kwangu akasema, "Sasa mimi nitamsikiaje?"

Wewe humjui baba yako mwenye masikio. Ulipopata akili zako yalikuwa yameshakwisha, mizinga ya jeshini ilikuwa imeyamaliza polepole, kwanza la kulia, halafu la pili likafuata. Kwako wewe baba ni mtu unayemgusa bega kwanza, akigeuka ndipo unasema. Hukufundishwa na mtu. Ulikuwa mdogo sana, unapanda kwenye mapaja yake, unamshika mashavu kwa mikono miwili, unageuza uso wake kwako, halafu unaanza umbea wako wa shuleni. Alijifunza kusoma midomo kwa mdomo wako kuliko kwa wangu. Mimi nasema mbio, na nikikasirika nageuza shingo. Wewe ulimngoja.

Watu wengine mtoto akienda mbali wanapiga simu, wanasikia sauti, roho inatulia. Kwake yeye simu ni kipande cha plastiki. Ujumbe wa maandishi anausoma, sawa, lakini aliniambia maandishi yako yanafanana na ya kila mtu. Anataka mdomo. Anataka kuona unavyokunja pua kabla ya kusema uongo. Kwa hiyo ilibaki picha tu, simu ya video kwenye ile tableti yake kuukuu, na picha ilikuwa haifai.

Ulikuwa Entebbe kwenye yale mafunzo yako tulipojaribu mara ya kwanza. Unakumbuka ulituambia, "Mbona mmenyamaza?" Sikukujibu ukweli. Picha ilikuwa imeganda. Ulikuwa umeachama mdomo, jicho moja limefumba, na baba yako ameinama juu ya kioo anasubiri huo mdomo ufunge ili ajue ni neno gani. Ukaruka kidogo, ukaganda tena pengine. Mimi sauti yako nilikuwa naipata, unaeleza habari ya chakula cha huko, nikawa namrudishia neno kwa neno. Akasubiri kwa adabu, halafu akasema anakwenda kuangalia kama maji yamerudi. Maji hayakuwa yamekatika. Nilimkuta amesimama kwenye baraza ya nyuma ameshika chuma cha baraza, analia bila kujificha. Baba yako! Sikumwona akilia hata tulipozika ndugu zake.

Hapo nikasema, mimi Hawa niliyekaa kwenye chumba cha redio cha polisi ujana wangu wote, niliyesikia vituo vya porini kwenye mvua na radi, nishindwe na kisanduku cha intaneti? Haiwezekani!

Basi nikafanya nilichofundishwa polisi. Kwenye redio za upepo, ukikosa mawimbi unapanda juu. Unatafuta kilima, unainua antena, unaongeza nguvu. Nikaenda madukani hapa Ntinda nikanunua ruta yenye antena pande zote, kijana akaniapia kuwa inafika mpaka barabarani. Nikaifunga juu kabisa dirishani, juu ya pazia, na nyingine ndogo ya kurudia mawimbi nikaiweka kwenye korido. Nikaingia kwenye mipangilio nikaongeza nguvu hadi mwisho. Ndizo zile siku uliponikuta juu ya kiti ukaniambia nitavunjika kiuno.

Mambo yakaharibika kabisa. Zamani picha ilikuwa inaganda na kuendelea, sasa ikawa haifiki. Nami kama kawaida yangu nikatafuta wa kumlaumu, na wa karibu alikuwa Salongo wa chini. Ana wale mapacha waliompa hilo jina, wakitoka shule wanashinda kwenye simu. Nikajiambia, hao ndio wanaokula intaneti yangu. Nikateremka ngazi na kanga moja kichwani.

"Salongo, toa watoto wako kwenye waifai yangu!"

Masikini alikuwa analisha kuku wake. Akaweka debe chini. "Mama Zai, hii kerere yote ya nini? Mimi iko na yangu, nyabo. Mimi hapana iba."

"Basi ni nani?"

"Mimi najua? Wewe ndiyo polisi."

Wapangaji walicheka, na mimi nikapanda ngazi nimevimba. Nikabadilisha neno la siri, nikaweka refu mpaka mwenyewe nikalisahau. Haikusaidia kitu. Hakukuwa na mwizi.

Kilichonifungua macho ni ile programu uliyowahi kuniwekea kwenye simu, inayoonyesha mitandao yote iliyo hewani mahali ulipo. Niliifungua nikiwa nimesimama chini ya ile ruta yangu ya dirishani. Salale! Fleti yetu nzima ilikuwa pale, na fleti ya ng'ambo, na saluni, na kanisa la kona, na duka la dawa, wote wamerundikana. Kila mtandao unachorwa kama kilima, na vilima vilikuwa vimepandiana mpaka huoni cha nani ni kipi. Changu kilikuwa kirefu kuliko vyote, katikati yao.

Nikacheka peke yangu, Zai, kwa sababu kitu hicho nilikijua tangu nikiwa na cheo cha chini kabisa. Sajini aliyenifundisha redio alikuwa mkali, alikuwa anatupiga rula vidoleni tukibonyeza kitufe kabla ya kusikiliza. Chaneli ni moja, vituo ni vingi. Mkisema wawili pamoja hakuna anayesikika, na yule mwenye redio kubwa ndiye mharibifu kuliko wote, maana anawafunika wenzake na yeye mwenyewe hajibiwi. Porini kilima kinasaidia kwa sababu porini uko peke yako. Hapa mjini nimepanda juu dirishani, na nilichopata ni kusikia kelele za Ntinda nzima. Na kila ruta inayosikia mwenzake kwenye chaneli yake lazima ingoje zamu. Yangu ilikuwa inangoja zamu ya saluni, zamu ya kanisa, zamu ya duka la dawa, na baba yako anasubiri mdomo wako ufunge.

Sasa nikawa mwanafunzi tena, na nilifurahi, sikufichi. Niliishusha ruta kutoka dirishani nikaiweka katikati ya nyumba, kwenye kistuli cha sebuleni, mbali na friji na kile kioo kikubwa. Ile ya korido niliitoa kabisa, kwa sababu kazi yake ni kurudia kila neno, nani anahitaji mtu wa kurudia maneno mahali penye kelele? Nikapunguza nguvu. Nikaona kwenye simu kilima changu kinanywea, na mitandao mingine mingi ikapotea kabisa, maana pale katikati kuta zinaizuia. Televisheni nikaichomekea waya ili isitumie hewa. Simu yangu na ya kwako nikazihamishia kwenye yale mawimbi mengine, ya kasi, ambayo hayapiti ukuta vizuri na kwa hiyo ya majirani hayatufikii. Hapo ulisema, "Mama, leo intaneti iko sawa," ukaendelea na mambo yako. Nilijisikia nimepandishwa cheo.

Lakini tableti ya baba yako ni ya zamani, haiyaoni hayo mawimbi ya kasi. Inayajua yale ya kawaida tu, wanakosongamana wote. Utasema nimnunulie mpya. Nilimwambia. Akaikumbatia, akasema kioo cha hii macho yake yamekizoea, hataki kuanza kujifunza kingine. Unamjua.

Kwa hiyo ilibaki kupata nafasi huko huko kwenye msongamano. Chaneli huko ziko nyingi kwa hesabu, ila zinalaliana. Zisizogusana ni ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja, basi. Zamani nilikuwa nimejiweka ya tatu, nikijiona mjanja kwamba nimekaa pembeni, kumbe nimekaa kwenye mapaja ya wawili na ninawakera wote. Nikahamia ya kwanza. Na hapo nikamkuta Salongo.

Mtandao wa Salongo haukuwa mkubwa, lakini haukunyamaza hata kidogo, asubuhi, mchana, jioni. Nikashangaa, mapacha wako shule, nani anatumia? Nikachungulia barazani nikaona kamera. Ana kamera za kulinda kuku kwenye kila pembe ya banda, hazina waya, zinapeleka picha kwenye simu yake mchana kutwa. Kuku wa Salongo walikuwa wanaonekana vizuri kuliko mwanangu.

Ningemfuata na kanga kichwani tena tungeishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Na huyu nilikuwa nimeshamwita mwizi mbele ya watu. Kwetu sisi Wanubi neno kama hilo halifutwi kwa mdomo mtupu. Nikapika gurusa, zile chapati zetu nyembamba anazopenda bibi yako, nikaziweka kwenye sinia, nikazifunika kwa tabaga langu jekundu nililosuka mwenyewe, nikateremka nalo mikononi. Kila mpangaji aliyeniona alijua ninakwenda kuomba radhi. Acha waone.

Salongo alipokea sinia, akanikaribisha kiti. Nikamwambia, "Nilikuita mwizi, na wewe si mwizi. Nisamehe." Akasema yamekwisha. Nikamweleza habari ya kamera na chaneli. Akasikiliza, akatikisa kichwa, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama Zai, mimi nasaidia wewe. Lakini Afande wako anazarau sisi. Kila asubuhi mimi nasalimia yeye. Mwaka na mwaka. Yeye napita tu. Nasema kwa moyo yangu, huyu mutu alikuwa mukubwa, sisi kwake ni takataka."

Zai, unajua agizo la baba yako tangu tuhamie hapa. Kambini kila mtu alijua, na wapo waliokuwa wanamchezea nyuma ya mgongo, wanamtukana akiwa amegeuka kisha wanacheka. Tulipotoka kambini akasema hapa asijulikane. Tukamlinda, mimi na wewe. Tukiwa naye njiani tunatangulia kujibu salamu. Nilidhani tumemfichia aibu. Sikujua kuwa majirani walikuwa wameshajaza wenyewe pale tulipoacha wazi, na walichojaza ni kwamba ana kiburi.

"Hasikii, Salongo," nikasema.

"Hasikii nini?"

"Hasikii kitu. Masikio yake yalibaki jeshini. Na mtoto wetu anaondoka, na atamsikia kwa picha tu. Ndiyo maana nakufuata na mambo ya kuku wako."

Salongo akafuta uso kwa kiganja. "Bambi," akasema kwa huruma. "Bambi, Afande." Halafu akainuka akaenda kuzima kamera zote, palepale, hata sijamaliza kumweleza kuwa hapana, hatuhitaji kuzima.

Tulizivutia waya. Alimwita fundi, wakapitisha waya ukutani mpaka bandani, na tangu siku hiyo kuku wanaonekana bila kugusa hewa. Tabaga langu lilirudi na trei ya mayai juu yake. Na ule ugonjwa wa kuamrisha ukanishika, nikaona sasa fleti nzima ipangwe. Jumapili mchana nikawaita uani, kila mlango na simu yake. Nikaendesha kama chumba cha redio: "Mlango wa kwanza, toa ripoti! Uko chaneli gani?" Walicheka mpaka wakakaa chini, lakini waliripoti. Ghorofa ya chini wakachukua ya kumi na moja, ya kati ya sita, sisi wa juu ya kwanza. Waliokuwa wamepanua mawimbi yao mara mbili nikawafundisha kuyarudisha kuwa membamba, kwa sababu ukijitanua kwenye njia nyembamba unazuia watu na wewe mwenyewe hupiti. Na wote nikawaambia wapunguze nguvu. Hilo halikuwaingia haraka. Mtu akilipia intaneti anataka nguvu yote. Nikawaambia jaribuni siku mbili tatu, ikiwa mbaya rudisheni. Hakuna aliyerudisha.

Katikati ya shughuli hiyo baba yako akashuka ngazi kuona kuna nini. Salongo akamwendea, akasimama mbele yake kabisa, jua likimpiga usoni, akafungua mdomo wote mpaka magego: "HA-BA-RI YA-KO A-FAN-DE!"

Baba yako akamtazama. "Mbona unatafuna hewa? Sema kama mtu."

Uani pakalipuka. Salongo naye akacheka, akarudia salamu yake kama mtu, na baba yako akaijibu. Halafu akageuka akanitazama mimi, akaelewa.

Jioni tulibaki wawili. Nilimwekea chai, akanywa. Mwishowe akasema, "Umewaambia."

"Nimewaambia."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa," akasema. Akamaliza chai. Kesho yake alitoka asubuhi na sikutangulia kujibu salamu ya mtu. Nilisimama barazani nikichungulia. Watu walikuwa wanamgusa bega kwanza. Yule binti wa mlango wa chini aliondoa barakoa yake ya saluni ili amwonyeshe mdomo. Alichukua muda mrefu kufika getini kwa sababu kila mtu alikuwa na neno, na yeye alikuwa na jibu. Siku hizi jioni yeye na Salongo wanakaa mbele ya banda wanabishana habari za chakula cha kuku, na Salongo mwenyewe ndiye anayegeuza kiti ili mwanga umwangukie usoni.

Nakueleza yote haya kwa sababu unakwenda mahali ambapo hakuna anayekujua. Nakuamini, Zai, sina wasiwasi na wewe hata kidogo, umeiva. Lakini wewe ni mwanangu, na najua utakavyofanya siku watakapoacha kukusikiliza huko kazini. Utainua sauti, kisha utainua tena. Unayo sauti, nimekupa mwenyewe. Mimi nimeitumia sana na mara nyingi sana niliongeza kelele tu, kazini, kwa shemeji zangu, hata kwa baba yako, ambaye nilimpigia kelele mwaka mzima kabla sijakubali kuwa hasikii. Sasa hivi nikiona sisikiki nashuka kwanza nione ni nani wengine wanasema. Huwa inanisaidia. Na ukiwa na jambo linalokuuma, mwambie mtu mmoja wa karibu, jirani, mwenzako wa maabara. Usiwaachie watu wakalijaza wenyewe.

Ukipata chumba, kabla hujalipa, fungua ile programu ukiwa umesimama pale utakapokaa unapopiga simu, uone mitandao mingapi inakugonga. Fanya utani nao wenye nyumba, waulize wako chaneli gani. Watadhani una wazimu, halafu watakupenda. Kaa na taa mbele yako, si nyuma, ukiweka dirisha nyuma unakuwa kivuli na baba yako haoni kitu. Na usipake ile rangi ya mdomo inayong'aa sana siku ya kuongea naye, anasema inamchanganya. Hayo ndiyo maagizo yangu, nimeyabana kuwa machache, nipongeze.

Sasa nikwambie habari ya leo, baada ya magharibi, ulipopiga kutoka Kibuli.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimkalisha baba yako pembeni ya kistuli, nikavuta kiti changu karibu kama siku zote, niwe tayari kumrudishia unachosema pale utakapoganda. Ukatokea. Hukuganda. Bibi yako alikuwa bado kwenye sala, nyuma yako naona mgongo wake ndani ya vazi jeupe unainama, na wewe ili usimsumbue ukazima sauti kabisa. Nikasema, "Zai, sauti!" Hukunisikia. Ulikuwa unamtazama baba yako.

Ukaanza kusema. Bila sauti, midomo tu, taratibu, kama ulivyokuwa unamfanyia ukiwa mapajani. Picha ilikuwa safi, kila neno linatoka na kufunga. Mimi nimekaa pale, mke wake, mama yako, mtu wa redio, na sikuambulia hata neno moja. Baba yako alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ukakunja pua, akacheka kwa sauti. Ukasema jambo lingine refu, na hapo akaacha kucheka, akaweka kiganja juu ya kioo, akakuambia, "Na mimi. Kila siku." Halafu mkaagana.

Nikamgusa bega. "Kasema nini?"

Akafuta macho kwa mkono wa kanzu. "Hakuwa anasema na wewe."

Nilitaka kukasirika. Miaka yote nimekuwa katikati yenu, namrudishia yako, nakurudishia yake pale anapomeza maneno, na leo sikuwa na kazi. Nimeona wivu, nakwambia ukweli. Halafu nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa sinki, nikalia kwa furaha mpaka akaja kuniuliza kama maji yamekatika.

Nenda salama, mwanangu. Usiniambie ulimwambia nini.

Mama yako,
Hawa